Uandikishaji na takwimu za wanafunzi katika shule ya msingi ya serikali: mwongozo kamili, kuanzia sensa ya kitongoji hadi jedwali la 31 Machi

Januari 2016 shule za msingi za serikali Tanzania Bara zilipokea watoto wengi kuliko madarasa yaliyokuwepo. Ada ya shule ya msingi ilishafutwa tangu 2001, lakini michango ndiyo iliyokuwa ikiwabakisha wengi nyumbani. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulipofuta michango ya lazima, walioandikishwa darasa la kwanza walipanda kutoka takriban milioni 1.5 hadi zaidi ya milioni 2 ndani ya mwaka mmoja. Kundi hilo lilifika darasa la saba mwaka 2022, na waliosajiliwa kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mwaka huo walikuwa takriban milioni 1.38, wasichana wakiwa wengi kuliko wavulana. Wengine katikati hapo walikariri darasa, wengine walihama, wengine waliacha kabisa, na pengine wapo walioandikwa mara mbili. Ukitaka kujua nani ni nani kati yao, huwezi kujulia Dodoma. Utajulia shuleni, kwenye rejista.

Mwongozo huu ni wa mwalimu mkuu, mwalimu wa takwimu na wajumbe wa kamati ya shule. Msingi wake ni mmoja: kila tarakimu unayoipeleka kwa Afisa Elimu Kata uwe na uwezo wa kuirudisha kwenye majina. Ukiandika wasichana 71 darasa la kwanza, mtu akikuuliza "ni akina nani hao?" umwoneshe majina 71. Takwimu iliyonakiliwa kutoka fomu ya mwaka jana na kuongezwa kidogo huku na kupunguzwa kidogo kule haina kazi, hata ikigongwa muhuri.

Hatua ya kwanza: wajue watoto kabla hawajaja

Uandikishaji kwa kawaida hutangazwa kuanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba, lakini kazi ya shule inaanza Septemba. Mwalimu mkuu anakaa na mtendaji wa kijiji au mtaa, wenyeviti wa vitongoji na mabalozi, wanakubaliana mipaka ya eneo ambalo watoto wake hutegemewa kusoma hapo. Kisha kila kitongoji kinapitiwa nyumba kwa nyumba.

Orodha iwe na jina kamili la mtoto, jinsi yake, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi au mlezi na namba yake ya simu, kitongoji, umbali wa kukadiria hadi shuleni, kama amesoma awali na wapi, na kama ana ulemavu wowote. Usiache safu ya mlezi. Watoto wengi wanalelewa na bibi au shangazi, na ukiandika jina la baba aliyeko mgodini Geita utakosa wa kumpigia siku mtoto akiacha kuja.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii ni msaada mkubwa sana hapa, kwa sababu wanajua nani alizaliwa mwaka gani, nyumba gani ina mtoto anayefichwa, na familia gani imehamia na mifugo juzi. Zahanati nayo ina kumbukumbu za chanjo. Hesabu ya watoto waliochanjwa surua miaka mitano iliyopita ni njia nzuri ya kupima kama orodha ya kitongoji imekamilika au imeandikwa chini ya mwembe bila kutembea.

Umri unaolengwa ni miaka 5 kwa awali na miaka 6 kwa darasa la kwanza. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyefikisha miaka 7 ameandikishwa na anahudhuria hadi amalize. Kwa hiyo mtoto wa miaka 8 au 9 ambaye hajawahi kuandikishwa usimwache nje ya orodha kwa kuwa "umri umepita". Huyo ndiye wa kumtafuta kwanza. Kama ni mkubwa zaidi, kuna MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, ulioanzishwa kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya watoto wa namna hiyo.

Hatua ya pili: siku mzazi anapofika

Mpokee mzazi mezani, si mlangoni. Mwalimu anayeandikisha awe na mwandiko unaosomeka na asiwe na kipindi saa hizo.

Kielelezo kizuri ni cheti cha kuzaliwa. Tangu 2013 RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, imekuwa ikiendesha mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila malipo kupitia ofisi za kata na vituo vya tiba, ukianzia Mbeya, kwa hiyo wazazi wengi zaidi sasa wanavyo. Asiye nacho aje na kadi ya kliniki au barua ya mtendaji. Kukosa cheti kusimrudishe mtoto nyumbani. Mwandikishe, weka alama pembeni, na mpe mzazi maelekezo ya kukifuatilia.

Jina ndilo linalohitaji subira. Andika majina matatu kama yalivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi, kisha mgeuzie mzazi daftari ayasome au umsomee kwa sauti. Zuhra si Zuhura, na Emanuel wa cheti asije akawa Emmanuel wa rejista. Jina hili ndilo litakaloingia kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, ndilo litakalotumika kwenye upimaji wa darasa la nne na mtihani wa mwisho, na ndilo litakalomfuata mtoto hadi akitafuta kazi. Kulirekebisha miaka sita baadaye kunamaanisha barua, viapo na nauli za mzazi. Dakika mbili za Oktoba zinaokoa yote hayo.

Angalizo la mapacha: Kulwa na Doto wana baba mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, kitongoji kimoja, na mara nyingi majina mawili ya mwisho yaleyale. Mtu anayesafisha orodha kwa haraka huwaona kama mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili na kumfuta mmoja. Andika neno "pacha" kwenye safu ya maoni kwa wote wawili.

Fedha isizungumzwe kwenye meza hiyo. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 unaeleza kuwa michango ya jamii ni ya hiari na mtoto asizuiwe masomo kwa sababu ya mzazi kutochangia. Kama kamati ya shule ina jambo la kuchangisha, lina taratibu zake na mikutano yake. Mzazi akishaambiwa "lete kwanza hela ya dawati", hatabishana, ataondoka na mtoto wake, nawe utamhesabu Machi kama mtoto "asiyejulikana alipo".

Hatua ya tatu: rejista ya uandikishaji

Hili ndilo daftari mama. Kila mtoto anapata namba ya uandikishaji, na namba hiyo hairudiwi hata mtoto akihama au akifariki. Safu muhimu ni namba, tarehe ya kuandikishwa, jina, jinsi, tarehe ya kuzaliwa, mzazi au mlezi, makazi, darasa alilopokelewa, shule aliyotoka, na mwishoni tarehe na sababu ya kuondoka. Safu ya mwisho ndiyo inayoachwa wazi katika shule nyingi, na kwa kuwa iko wazi hakuna anayeweza kueleza wanafunzi walikwenda wapi.

Ukikosea, piga mstari mmoja unaoacha maandishi yasomeke, andika sahihi juu yake, weka tarehe na saini. Usifute kwa dawa nyeupe. Mkaguzi anayekuta rejista yenye madoa meupe ana haki ya kuuliza maswali.

Baada ya rejista ndipo uingize majina kwenye mifumo. PReM ya Baraza la Mitihani inampa kila mwanafunzi namba ya kudumu, na bila namba hiyo hawezi kusajiliwa kwa upimaji wa darasa la nne wala mtihani wa kumaliza. TAMISEMI nayo ina mifumo yake ya taarifa za shule. Mtandao ukisumbua, andaa orodha kamili nyumbani au ofisini kwanza, halafu nenda mahali penye mtandao na kazi iliyokwisha kuhakikiwa. Kuingiza majina huku unakisia tarehe za kuzaliwa kumewapa watoto wengi siku ya kuzaliwa ya tarehe 1 Januari.

Uhamisho unahitaji pande mbili. Shule anakotoka inaruhusu, shule anakokwenda inapokea, kwenye karatasi na kwenye mfumo. Mpaka upande wa pili upokee, mtoto yuko hatarini kuhesabiwa kotekote au kutohesabiwa popote. Piga simu kwa mwalimu mkuu mwenzako. Ni njia ya zamani na bado ndiyo inayofanya kazi haraka.

Hatua ya nne: kuhesabu

Kwa miaka mingi tarehe ya sensa ya shule imekuwa 31 Machi. Takwimu zote za mwaka, zile zinazojazwa kwenye fomu za TSM (takwimu za shule za msingi), zinasomeka kama hali ilivyokuwa siku hiyo. Wiki mbili kabla, kila mwalimu wa darasa aite majina, mwanafunzi asimame akisikia jina lake. Ndugu kumwitikia ndugu yake isikubalike.

Hapo utakuwa na idadi tatu kwa kila darasa: ya rejista ya uandikishaji, ya rejista ya mahudhurio, na ya mfumo. Zikilingana, endelea. Zisipolingana, usitafute wastani. Tafuta majina yanayoleta tofauti, moja moja, mpaka yaishe. Kwa kawaida utakuta waliohama bila kuaga, waliokariri wakaandikwa madarasa mawili, na watoro wa muda mrefu.

Mtoro ndiye anayezua ubishi. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba aliyekosa siku 90 mfululizo bila taarifa anahesabiwa kuwa ameacha shule. Kabla ya hapo bado ni mwanafunzi wako na jina lake libaki, pamoja na kumbukumbu za nani alikwenda kwao, lini, na alijibiwa nini. Baada ya hapo mwondoe kwenye idadi na umwingize kwenye safu ya walioacha, na sababu iandikwe. Najua kishawishi kilichopo, kwamba jina likibaki ruzuku inabaki. Mwaka 2016 Serikali ilipofanya uhakiki wa wanafunzi hewa ilikuta makumi ya maelfu nchini, na walimu wakuu walivuliwa madaraka kwa sababu ya majina ya namna hiyo.

Jedwali la shule limezoeleka: darasa, WAV (wavulana), WAS (wasichana), JML (jumla). Tuchukue shule ya mfano tuifanyie kazi hadi mwisho:

Awali: WAV 41, WAS 44, JML 85
I: WAV 68, WAS 71, JML 139
II: WAV 66, WAS 64, JML 130
III: WAV 59, WAS 63, JML 122
IV: WAV 71, WAS 70, JML 141
V: WAV 44, WAS 52, JML 96
VI: WAV 40, WAS 50, JML 90
VII: WAV 33, WAS 49, JML 82
Jumla I–VII: WAV 381, WAS 419, JML 800

Jumlisha kwenda chini, kisha jumlisha kwenda pembeni. 381 na 419 zitoe 800, na jumla za madarasa saba nazo zitoe 800. Fomu nyingi hurudishwa na halmashauri kwa kosa hili tu.

Pamoja na jedwali la madarasa andaa jedwali la umri. Kwa darasa la kwanza la mfano wetu: miaka 6 ni 97, miaka 7 ni 31, miaka 8 ni 8, miaka 9 na zaidi ni 3. Jumla 139.

Hatua ya tano: kulisoma jedwali

Hapa ndipo shule nyingi zinaishia. Fomu ikishapelekwa, nakala inaingia kwenye faili na mlango unafungwa. Lakini jedwali hilo lina mambo ambayo hata mwalimu aliyekaa hapo miaka kumi anaweza asiyaone kwa macho.

Anza na darasa la kwanza. Tuseme sensa ya vitongoji ilipata watoto 150 wenye miaka 6. Walioandikishwa ni 139, hivyo ukigawanya unapata asilimia 93 na kila mtu kwenye kikao anapiga makofi. Huo ni uandikishaji wa jumla, unaohesabu watoto wa umri wowote. Uandikishaji halisi unahesabu wale wa miaka 6 peke yao: 97 kati ya 150, yaani asilimia 65. Ukichunguza ukakuta 20 wako shule nyingine, wanabaki watoto 33 ambao wako kwenye daftari la kitongoji na hawako kwenye daftari la shule yoyote. Majina yao unayo. Kitongoji unakijua. Asilimia 93 ingewafunika wote.

Nenda darasa la nne. Darasa la tatu lina 122, la nne lina 141, la tano 96. Uvimbe huo wa katikati una chanzo kinachojulikana: asiyefaulu upimaji wa kitaifa wa darasa la nne hukariri. Tenganisha wanaokariri na walioingia mara ya kwanza, kisha uliza kuhusu KKK. Darasa la nne likivimba kila mwaka, tatizo liko darasa la kwanza na la pili, ambako kusoma, kuandika na kuhesabu kulipaswa kukamilika. Mpeleke mwalimu wako mzuri huko. Shule nyingi humweka darasa la saba kwa ajili ya mtihani, na mimi naona wanachelewa.

Sasa wavulana. Darasa la kwanza wasichana ni 71 kwa wavulana 68, karibu sawa. Darasa la saba ni 49 kwa 33, yaani karibu wasichana watatu kwa kila wavulana wawili. Tumezoea kuulizana mtoto wa kike anaachia wapi, na ni haki kuulizana, lakini katika shule ya mfano huu mtoto wa kiume ndiye anayepungua, kuanzia darasa la tano. Sababu haiko kwenye jedwali. Iko kijijini. Kandokando ya Ziwa Victoria itakuwa dagaa na usiku usio na mwezi. Kusini itakuwa korosho kuanzia Oktoba. Kwenye mpunga ni kuamia ndege. Kwa wafugaji ni kuhama kiangazi kutafuta malisho. Mjini ni biashara ndogondogo stendi. Kila mojawapo ina msimu wake, na msimu unaonekana kwenye rejista ya mahudhurio kabla mtoto hajaacha shule.

Kwa hiyo ifungue. Darasa la wanafunzi 60 kwa mwezi wenye siku 20 za masomo lina mahudhurio 1,200 yanayowezekana. Ukihesabu alama za waliokuwepo ukapata 1,056, mahudhurio ni asilimia 88. Ni wastani mzuri. Lakini pitisha kidole kwenye mistari mmoja mmoja. Utakuta watoto 45 ambao karibu hawakosi, na wengine wachache wanaokosa kila Jumatano kwa sababu Jumatano ni gulio. Hao ndio wa kumwita mzazi wao leo, wakati bado wanahudhuria siku nne kwa wiki.

Tahadhari moja juu ya kulinganisha. Ukichukua 82 wa darasa la saba ukagawanya kwa 139 wa darasa la kwanza, hujapima mdondoko. Hao ni watoto wa miaka tofauti. Mdondoko unapimwa kwa kufuata kundi lilelile: walioingia darasa la kwanza miaka sita iliyopita ni akina nani, wangapi wako la saba, wangapi wamekariri na wako nyuma, wangapi wamehama kwa karatasi, wangapi hawajulikani. Ndiyo maana majedwali ya miaka iliyopita yasitupwe.

Wale wanaokosekana kwenye jedwali

Fomu ina sehemu ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu: uoni hafifu na upofu, uziwi, ulemavu wa viungo, ulemavu wa akili, usonji, ualbino na mengineyo. Shule yenye watoto 800 ikijaza sifuri kila mahali, naamini hakuna aliyetazama. Si lazima uwe mtaalamu kuanza. Andika herufi ubaoni, mpe mtoto kutoka dawati la nyuma ajaribu kusoma. Mwite kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo. Muulize mama kama mtoto alichelewa kutembea au kusema. Unaowatilia shaka waelekeze kwa mwalimu wa elimu maalumu wa halmashauri na kituo cha afya wathibitishe, ndipo ujaze. Neno "mzito" lisiandikwe popote kwenye kumbukumbu za shule.

Yatima waandikwe kwa aina: aliyefiwa na mama, aliyefiwa na baba, aliyefiwa na wote. Wanaotembea zaidi ya kilomita tatu wajulikane kwa majina, maana mvua za masika zikianza ndio wa kwanza kukosa.

Msichana aliyeacha kwa ujauzito ana nafasi ya kurudi. Serikali ilitangaza hivyo Novemba 2021, na waraka ukafuata. Kwenye rejista, rejesha jina lake kwa namba yake ileile na tarehe ya kurudi, bila maelezo ya ziada kwenye orodha inayobandikwa ukutani.

Kabila halina sababu ya kuwa kwenye jedwali la shule. Sensa ya taifa haijauliza kabila tangu ile ya 1967, na shule haina haja ya kuanza. Lugha ya nyumbani ni jambo jingine. Mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma au Kimaasai na kukutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza darasani anahitaji mwalimu wa awali ajue hivyo siku ya kwanza. Iandike kwa matumizi ya mwalimu wa darasa.

Taarifa hizi ni za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na shule nayo inaguswa. Jumla zibandikwe ubaoni, majina yenye maelezo ya afya, uyatima au ulemavu yabaki kabatini. Orodha yenye namba za simu za wazazi isipigwe picha na kutupwa kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya sita: kuzigeuza takwimu kuwa hoja

Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo 6,000 ni za kuingia akaunti ya shule na 4,000 ni za vitabu. Kwa wanafunzi 800, fungu la shule ni 4,800,000 kwa mwaka, sawa na 400,000 kwa mwezi. Kamati ya shule iijue hesabu hii, na kila fedha inapoingia iilinganishe na idadi iliyopelekwa. Ikija ya wanafunzi 740, watoto 60 hawajafika kwenye mfumo, na kosa linaweza kuwa lenu.

Walimu: uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Wanafunzi 800 wanahitaji 18. Wakiwepo 11, uwiano ni 1 kwa 73 na upungufu ni 7. Andika zote tatu, uhitaji, waliopo, upungufu, kwa sababu afisa anayepanga ikama anatafuta safu ya upungufu.

Vyumba vya madarasa vina mtego. 800 ukigawa kwa 45 unapata 18, na shule nyingi huandika hivyo. Lakini huwezi kuwachanganya watoto wa darasa la kwanza na la tano ili kujaza chumba. Hesabu darasa kwa darasa, kila moja ukipandisha kwenda namba kamili: 4, 3, 3, 4, 3, 2, 2. Jumla 21. Tofauti ya vyumba vitatu ni kubwa kwa shule inayosoma kwa zamu. Awali ihesabiwe peke yake, kwa watoto 25 chumba kimoja.

Matundu ya vyoo ni 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Ukijumlisha na awali, wasichana ni 463 na wavulana 422, hivyo yanahitajika matundu 24 na 17. Usiandike "matundu 41" kwa jumla. Fundi atajenga nusu kwa nusu na wasichana watapungukiwa.

Angalia na mbele. Kwa mtaala ulioanza 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Walioingia darasa la tatu mwaka huo wamepangiwa kumaliza la sita 2027, mwaka uleule ambao waliokuwa darasa la nne watamaliza la saba. Makundi mawili yatatoka pamoja. Kamati inayotaka kujenga vyumba leo ihesabu itakuwa na madarasa mangapi 2028 na watoto wa awali waliopo kwenye orodha ya vitongoji, halafu ndiyo iamue.

Peleka hoja kwa maandishi: ukurasa mmoja kwa Afisa Elimu Kata, nakala kwa mwenyekiti wa kamati na diwani. Jedwali juu, upungufu chini yake, na ombi moja lililo wazi. Kwenye mkutano wa wazazi soma zile namba wanazoweza kuzifanyia kitu: watoto 33 hawajaandikishwa, vitongoji vyao ni hivi. Majina usiyasome hadharani. Mpe mwenyekiti wa kitongoji mkononi.

Makabidhiano

Mwalimu mkuu akihamishwa, takwimu huondoka naye kichwani, na mgeni anaanza upya. Faili la makabidhiano liwe na rejista ya uandikishaji yenye ukurasa wa mwisho uliosainiwa na wote wawili, majedwali ya 31 Machi ya miaka yote iliyopo, orodha ya wanafunzi wenye namba za PReM kwa kila darasa, orodha ya uhamisho ambao haujakamilika upande wa pili, orodha ya watoro pamoja na tarehe za ufuatiliaji, na daftari la vitongoji la Septemba iliyopita. Nywila za mifumo zibadilishwe siku hiyohiyo mbele ya Afisa Elimu Kata. Kisha waite walimu wa madarasa, hesabuni wanafunzi pamoja darasa kwa darasa, na idadi mliyoikuta iandikwe kwenye hati ya makabidhiano hata kama inatofautiana na ya mfumo, na majina yaliyoleta tofauti hiyo yaambatanishwe.